Barua kwa mtoto wa anti anayesoma kadi huko Nakuru

Wewe mtoto wa anti,

Naandikia huku nje kwa sababu kwa grupu ya familia hakuongeleki tena, tangu mjomba aweke ile skrinshoti ya stetasi yako, ile ya kusomea watu bahati kwa kadi za tarot, yenye bei, kadi tatu mia tano, kadi kumi elfu moja na mia tano, unatuma kwanza ndio usomewe, na chini yake akabandika Kumbukumbu la Torati karibu sura nzima na neno moja ambalo mimi silirudii. Jina lako siweki. Wenye wanakujua wameshajua, na wenye hawakujui pengine nao wana dada ama binamu aliyenunua hizo kadi juzi, kwa hivyo wacha wasome.

Ya mjomba niimalize haraka. Wewe si mchawi na mtu asikuite hivyo hata kwa utani, maana hapa jirani tu Kisii kuna akina mama wazee wamechomwa kwa sababu mtu alilisema hilo neno na kijiji kikaitikia. Si huku peke yake pia. Kuna Johannes Kepler, yule Mjerumani aliyeonyesha kwamba sayari zinazunguka jua kwa njia ya duaradufu, mamake alianza kusingiziwa uchawi mwaka 1615, akaja kufungwa minyororo zaidi ya mwaka mzima, na Kepler akaacha hesabu zake akaenda kumtetea kortini mpaka akaachiliwa 1621. Na huyo huyo Kepler alikuwa anawapigia wakubwa falaki, hiyo ilikuwa sehemu ya kazi anayolipwa! Kwa hivyo mimi siko kwa ile timu ya kusema sayansi na mambo ya nyota hazijawahi kukaa meza moja. Zimekaa, tena zimekula pamoja.

Swala langu ni lile jibu ulinitumia inboksi. Eti kadi ni maarifa ya kale ya Misri, yaani yetu sisi Waafrika, wazungu waliyachukua, na sayansi inayaogopa ndio maana inayacheka. Nilisoma hiyo nikiwa na glavu mkononi huku maabara nikasema huyu sasa lazima tuongee.

Hizo kadi si za Misri, dada. Zilianzia kaskazini mwa Italia, miaka ya 1440 hivi, huko Milan na Ferrara, matajiri wakizichezea. Karata tu, kama zile vijana wa bodaboda wanapiga wakingoja wateja, ila hizi ziliongezwa picha 22 za turufu juu ya zile 56 za kawaida ndio zikawa 78. Watu wamezicheza hivyo zaidi ya miaka mia tatu, na hadi leo Ufaransa na Austria wanacheza, wanahesabu pointi, hakuna mtu anaulizia kama mume atarudi. Misri iliingizwa mwaka 1781 na mchungaji mmoja Mfaransa, Antoine Court de Gébelin, aliyeziangalia akaamua kwamba hiki ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri, na jua kwamba wakati huo hakuna mtu duniani alikuwa anaweza kusoma maandishi ya Misri ya kale, Champollion alikuja kuyafungua 1822. Yaani alitafsiri kitabu kabla herufi zake hazijajulikana. Miaka michache baadaye mwingine wa Paris aliyejiita Etteilla akaifanya biashara, na ndio huyo unafaa kumwita babu yako wa kazi, si Farao. Cha kuchekesha ni kwamba Misri kweli imo, karata za kawaida zilifika Ulaya karne ya 14 kutoka kwa Wamamluki, watawala wa Misri wakati huo. Walikuwa wanazichezea.

Na zile picha zako, zile unapiga picha na mshumaa kando, zilichorwa London mwaka 1909 na mwanamke anaitwa Pamela Colman Smith, aliyeishi Jamaika utotoni. Zote 78 ni mkono wake. Alilipwa kidogo, na pakiti ikajulikana kwa jina la mchapishaji na la bwana Waite aliyemwagiza kazi, lake likapotelea hapo katikati kwa miaka mingi. Ukitaka kesi ya mtu kudhulumiwa hapo kuna kesi, anzia hapo.

Sasa nije kwa ile siku ulinisomea Desemba, pale kwa dani, yaani nyanya. Usidhani nimesahau. Ulitoa Panga Tatu, ule moyo umedungwa panga tatu na mvua inanyesha nyuma, halafu Vikombe Nane, mtu ameacha vikombe vyake anaenda zake usiku, halafu Nyota. Ukaniambia kuna mzigo umebeba na si wako. Nikanyamaza. Ukasema, "kazini," ukiniangalia, sikutingisha kichwa, ukasema, "ama hapana, ni nyumbani," na nafikiri mimi hapo nilishika kikombe cha chai bila kunywa, ukaingia moja kwa moja kwa mambo ya nyumbani na kila ulichosema kikawa kinagonga. Anti pale kando anasema "ala!" kila dakika. Mimi nilikuwa nimeguswa kweli kweli, sikatai, na nilipigia mtu simu usiku huo nikaongea maneno niliyokuwa nimeyaweka muda mrefu.

Lakini nilikuwa nakuangalia macho pia. Baada ya kuzilaza, kadi hukuziangalia tena, uliniangalia mimi. Kadi tatu kutoka kwa 78 zinaweza kutoka kwa mpangilio 456,456 tofauti, na naamini ungeleta yoyote kati ya hizo ningepata ujumbe wangu, kwa sababu mwenye alikuwa anasoma ni wewe na kitabu kilikuwa uso wangu.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, halafu kila mmoja akapewa karatasi yake ya majibu, siri, apime kama imemwelezea vizuri, sufuri hadi tano. Wanafunzi 39, wastani ukaja 4.26. Karibu wote wanashangaa venye wamejulikana. Kumbe karatasi ilikuwa moja, maneno yale yale, ameyatoa kwa kitabu cha nyota cha kununua barabarani. Mambo kama unahitaji watu wakupende, kwa nje umetulia lakini ndani una wasiwasi. Nani hana hiyo?

Ila yenye ilinikamata zaidi ni ya Ray Hyman. Alikuwa kijana anasoma viganja vya watu apate pesa, na alikuwa anaamini kabisa, kwa sababu wateja walikuwa wanamwambia umenijua kushinda mamangu. Rafiki yake wa mazingaombwe akamwambia, hebu siku moja wasomee kinyume, mistari ikisema mpole wewe sema mkali. Akajaribu. Wateja wakashangaa vile vile, hakuna tofauti. Alikuja kuwa profesa wa saikolojia, na maisha yake yote ameyatumia kuuliza hilo swali. Nampenda huyo mzee kwa sababu hakuanza kama mtu wa kucheka wengine, alikuwa mwenzako.

Unajua kazi yangu lakini sidhani nimewahi kukuonyesha. Damu ya mtoto inakuja, naweka tone nene kwa kioo, inakauka, napaka rangi ya Giemsa, nasubiri, naweka mafuta, naangalia kwa lenzi ya mia. Kabla niandike hana malaria lazima nipite sehemu 100 za hicho kioo moja moja. Nikiona vijidudu nahesabu mpaka chembe nyeupe zifike 200. Macho yanauma, mgongo unauma, na nje mama ananiuliza kwa dirisha mbona inachukua muda. Halafu kwa zile kazi za utafiti kioo hicho hicho kinaenda kwa mwenzangu ambaye haruhusiwi kuona nimeandika nini. Tukipishana anaitwa wa tatu. Hakuna mtu hapo anatuona waongo. Ni kwamba kila mtu anajua jicho likitaka kuona kitu litakiona, langu likiwamo, na mfumo umejengwa juu ya hiyo shaka. Sayansi yenye naijua mimi ni hiyo tu, haina mzungu ndani wala koti jeupe (letu lenyewe lina madoa ya zambarau hayatoki). Ni kukubali mapema kwamba unaweza kukosea na kuweka mtu wa kukushika.

Ndio maana sikubali ile hesabu yako ya sayansi upande huu na maarifa ya wazee upande ule. Nenda Bunyore hapo Vihiga uulize ukoo wa Nganyi. Wale ni watu wa mvua tangu enzi, wanaangalia miti inachanua lini, wadudu wanafanya nini, ndege, upepo, na vyungu vyao huko msituni kwao ambako mimi na wewe hatuingii ovyo. Kuanzia 2008 hivi watu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya walikaa nao chini, hawa wana setilaiti na kompyuta, wale wana miti na vyungu, kila upande unaleta utabiri wake wa msimu halafu wanalinganisha na kutoa mmoja kwa wakulima. Iliwezekana kwa nini? Kwa sababu mzee wa Nganyi anaposema mvua itakawia, mahindi ya watu yako shambani na kila mtu ataona. Anaweza kukosea mbele ya kijiji kizima.

Ama hizi dawa za malaria tunapeana kila siku hapa Kisumu, AL, yale manjano. Hiyo kitu ilitoka kwa mmea wa Kichina na kitabu cha karne ya 4. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, na wenzake walipekua mapishi ya dawa ya kale mengi sana, mengi yakakataa, na huo mmea pia ulikuwa unasumbua mpaka akasoma tena akaona mzee wa hicho kitabu alisema uloweke kwa maji baridi, hakusema uchemshe. Joto ndio lilikuwa linaharibu dawa. Mwaka 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwa panya, na 2015 akapewa Nobel. Hakumcheka mzee wa kitabu na hakumwabudu. Alimpima.

Sasa kadi zako zinakosea vipi? Swali la kweli hilo, si la kukuchokoza. Ukitoa kadi ya Kifo unaambia mtu si kufa, ni mabadiliko. Ukitoa ya Mnara ikawa mwezi mzuri unasema mnara ulianguka moyoni. Hata wale wa gagi huku kwetu, wale wa kurusha kauri, na wale wa ramli huko pwani, sijaona mmoja anaandika alichosema akarudi baada ya mwaka kuhesabu. Kitu ambacho hakiwezi kukosea hakijasema kitu bado. Kimekupa nafasi ya kuongea, na nafasi ya kuongea ni nzuri, watu wa Nakuru kama wa huku hawana pa kuongelea, daktari ana dakika tano na pasta ana matangazo. Uza hiyo. Mia tano si pesa nyingi kwa mtu kusikilizwa saa nzima na mtu mwenye macho kama yako. Kama ungebaki hapo mimi ningekuwa nakutumia wateja.

Hukubaki hapo. Uliniambia mwenyewe, tena ukicheka kwa furaha kwamba amerudi mara ya pili, yule mama wa Lanet mwenye uvimbe kwa titi. Alikuuliza aende hospitali ama angoje. Ukatoa Aliyetundikwa, yule amening'inia kichwa chini na uso umetulia, ukamwambia huu si wakati wa kukimbia, subira. Akakushukuru. Akakutumia na ya soda.

Hilo swali lina jibu na haliko kwa pakiti. Titi linaguswa, linapigwa picha, ikibidi wanachukua kipande kidogo wanakipeleka kwa maabara, na mtu kama mimi anakaa na hicho kipande mpaka kieleweke. Uvimbe mwingi wa titi si kansa, pengine ni bure kabisa. Lakini ule ambao ni kansa haungoji kadi, na tofauti ya kwenda sasa na kwenda mwaka ujao mimi naiona kwa zile fomu zinazoletwa kwetu, nyingi zimechelewa.

Ya kupima kadi tutafanya Pasaka ukija, nishaongea na wenzangu wanne watano wamekubali. Unamsomea kila mmoja bila kumwona uso, tunaandika kila kitu, halafu kila mtu anapewa karatasi tatu achague yake. Kwa bahati tu mmoja kati ya watatu atapatia. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Shawn Carlson, aliwapa wanajimu kitu karibu na hicho mwaka 1985, walinganishe nyota ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wakaishia hapo hapo kwa theluthi. Wewe ukiwapita nitatuma ile elfu moja na mia tano mbele ya mjomba kwa grupu, na sitasema kitu. Nafasi ya kulala iko, godoro unalijua.

Lakini yule mama hangoji Pasaka. Mpigie leo, usitume meseji, mpigie. Mwambie umesoma tena na kadi zimesema aende hospitali kesho asubuhi, mimi sijali unatumia mlango gani, na akikuuliza aanzie wapi mpe namba yangu.