Kwako dada, kuhusu jeneza la fedha

Shikamoo dada,

Bado namkumbuka yule mama aliyekuja msibani akakwambia sahau, we bado kijana utazaa mwingine, na wewe ukanyamaza tu. Sikumjibu siku ile na mpaka leo inaniuma, ndo maana nakuandikia habari za Galla Placidia.

Huyu alikuwa binti wa Theodosius, Kaisari wa Roma. Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani, walipopora Roma mwaka 410 waliondoka naye mateka, na Januari 414 mfalme wao Athaulf akamuoa kule Narbonne, Ufaransa ya leo, harusi kubwa, bwana harusi kavaa Kirumi na vijana 50 wanamletea bibi harusi masinia ya dhahabu na vito, mali yenyewe iliporwa hukohuko kwao Roma. Wakapata mtoto wa kiume wakampa jina la babu yake, Theodosius. Akafa bado mchanga. Walimlilia sana, wakamlaza kwenye jeneza la fedha wakamzika kanisani nje ya Barcelona.

Afu yakamwandama mfululizo yani. Mwaka 415 mumewe akauawa zizini akikagua farasi wake, aliyeshika ufalme akamswaga Placidia kwa miguu mbele ya farasi wake pamoja na mateka wengine, maili 12 za Kirumi, mama aliyetoka kuzika mwanae na sasa mume. Mwaka 416 akarudishwa kwa kaka yake Honorius, Kaisari wa Roma ya magharibi, Wagothi wakapewa vipimo 600,000 vya ngano, na kaka mtu akamwozesha jenerali Constantius ambaye yeye hakumtaka. Akazaa naye wawili, na kuanzia 425 akashika madaraka ya Roma ya magharibi miaka 12 kwa niaba ya mwanae Valentinian aliyevishwa taji ana miaka 6, huku Wavandali, jamii nyingine ya Kijerumani, wanaingia Afrika Kaskazini na majenerali wake wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

Watu hubishana kama alitawala vizuri. Mimi naishia mwaka 450, pale mtu aitwaye Theodosius alipozikwa upya Roma, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, Placidia yupo na Papa Leo yupo. Wanahistoria wengi wanaona ni yuleyule mtoto wa Barcelona, miaka kama 35 imeshapita dada, kazaa wengine, katawala, na bado akamleta mwanae nyumbani. Novemba mwaka huohuo naye akafariki.

Nikija Desemba twende wote makaburini tukapalilie, na njiani unitajie jina la mwanao, maana tangu siku ile sijakusikia ukilitaja.