Barua kwa mwanangu anayekwenda Brussels

Mwanangu mpenzi,

Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu kila nikilianza jambo hili unaniambia, "Baba, tutaongea." Safari yako ni mwezi ujao na bado hatujaongea. Jana mamako kaja na habari kutoka kisiwa cha Gozo: nyumba ya jirani wa bibi yako Nanna imeuzwa, itavunjwa zijengwe fleti. Unajua mwenyewe watu wa hapa Malta walivyo na hofu tangu Machi 2020, pale Ħamrun, mama wa watu alipofukiwa na nyumba yake mwenyewe kiwanja cha pembeni kilipokuwa kinachimbwa. Tangu siku hiyo mtu akisikia mashine inatetemesha ukuta wake, usingizi unamruka. Nanna anasema haondoki. Basi nakuomba uende ukakae naye kabla hujapanda ndege. Nalisema mapema kwa sababu najua nitalirudia.

Picha zako nimezitazama zote, hata zile ulizoziacha kwenye ngazi umezifunika shuka. Najivunia, na wazee wenzangu hapa Bormla wameshachoka kunisikia. Ile ya roshani za Valletta zimeng'oka ukutani zikaelea juu ya bandari, rangi yao ya kijani imepauka vilevile inavyopauka kwa jua na chumvi, nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Na ile luzzu, mashua ya wavuvi wa hapa, inayopanda winchi ya ujenzi, macho yake mawili yameelekea nyuma kule baharini ilikotoka. Hakuna aliyekufundisha hilo. Nilipoona wageni wamesimama kimya mbele yake siku ya maonyesho, nilitaka kuwaambia huyu ni wangu.

Lakini watu wako wapi? Nimezipitia picha moja moja nikitafuta mtu hata mmoja, sijamwona. Umechora għonnella imesimama wima uwanjani, guo jeusi zima, na ndani yake patupu. Miye mtu wa Zanzibar, mara ya kwanza kuiona għonnella katika picha za zamani nilidhani naona buibui la bibi zangu, ila hili ukingo wake umetiwa kitu kigumu ndani ili lisimame kuzunguka uso. Mama yake Nanna alilivaa. Nanna anakumbuka jinsi lilivyokuwa shida upepo ukivuma, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umeshika mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye yeye. Wewe umechora guo. Yeye anamjua aliyekuwa ndani.

Siku ile ulinijibu kwamba huweki watu kwa sababu vitu hivi vimekufa. Neno hilo limenikaa, mwanangu. Kweli vipo vilivyokufa, sikatai. Mabasi ya zamani, ya njano na rangi ya chungwa, kila mwenye basi analipamba lake kwa tberfil, yale maandishi ya mapambo, na majina ya watakatifu, yalitolewa barabarani Julai 2011. Gudi la hapa Bormla, lililotulisha sisi na nusu ya mtaa huu, lilifungwa 2010. Tieqa ya Dwejra, lile tao la mwamba kule Gozo, ilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017 katika tufani, na asubuhi ile mamako alilia kama kafiwa. Hivyo vichore utakavyo, virushe angani, vigeuze juu chini, ni haki yako.

Ila usiwazike walio hai. Nenda Marsaxlokk mwisho wa kiangazi uone wavuvi wanavyofunga makuti ya mtende na kuyaacha yaelee baharini, fulusi waje kujikusanya kivulini. Huku wanawaita lampuki, na samaki ni yuleyule tunayemla Unguja. Għana, ule uimbaji wa hapa, bado inaimbwa, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanajibizana kwa mashairi na gitaa. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao mwaka 2021, baada ya ftira, mkate wa hapa, mwaka 2020, na festa za vijiji zikafuata mwaka 2023. Nafurahi kwa orodha hizo. Lakini hakuna orodha itakayokaa na Nanna jikoni.

Hebu nikueleze nilichokiona nilipokwenda kumtengenezea bomba. Alikuwa dirishani anafuma bizzilla, lesi ya hapa. Trajbu, ule mto mrefu uliojazwa majani makavu, kauegemeza ukutani na ncha yake ipo mapajani. Juu yake karatasi ya nakshi imetobolewa vitundu, pini zimechomekwa, na ċombini, vile vijiti vyenye nyuzi, vinaning'inia jozi jozi. Anavusha, anazungusha, anavusha tena, kisha anachomeka pini. Wala haangalii. Macho yapo njiani na mdomo unanisimulia bei ya viazi. Nikamwuliza, mama, unajuaje umefika wapi? Akaniambia anasikia. Vijiti vikienda sawa vina mlio wao, na akikosea mlio unageuka kabla jicho halijaona. Nimefanya kazi na mashine za meli maisha yangu yote na nilimwelewa papo hapo, maana injini nayo unaijua ugonjwa wake kwa sikio. Sasa niambie, mlio huo utauchoraje kama hujawahi kuusikia? Umechora bizzilla inayofunika kisiwa kizima kama utando, nzuri sana, lakini nilipoitazama kwa karibu nyuzi zako hazipiti juu na chini. Nanna angeliona hilo kabla hajavaa miwani.

Halafu ni yeye aliyenisimulia habari za Sansuna, jitu la kike lililobeba mawe ya mahekalu ya Ġgantija kichwani kutoka Ta' Ċenċ mpaka Xagħra, mtoto kwapani, huku linatafuna maharage ya ful njia nzima. Mahekalu yale yamezidi miaka elfu tano, na watu wakaona maelezo yanayofaa ni mwanamke, mtoto na maharage. Wewe unaniambia sanaa yako ni ya kisurealisti, inatoka ndotoni. Angalia basi kisiwa ulichozaliwa. Makanisa yana saa mbili usoni, moja ya kweli na moja ya uongo, na wazee wanakwambia ile ya uongo ni ya kumchanganya shetani asijue wakati wa misa. Mosta, tarehe 9 Aprili 1942, bomu lilitoboa kuba la kanisa likaanguka katikati ya waumini zaidi ya mia mbili na halikulipuka. Ndoto ipo tayari, na kila moja ina mdomo ulioisimulia. Ukiuondoa mdomo unabaki na saa na bomu.

Ninavyosema hivi nafikiria mtepe. Hukuuona, na mimi sikuuona ukisafiri. Chombo cha mwambao wetu kilichoshonwa kwa kamba, hakuna msumari, na gubeti lake lilichorwa macho, kama luzzu yako. Walioshona mitepe walikwisha kabla yangu. Kulikuwa na mmoja wa kuigiza uliowekwa Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho kule Unguja, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Mimi sina wa kumwuliza yale macho yalichorwa na nani, wakati gani, na kwa maneno gani. Wewe unaye. Yupo Gozo, amepita miaka themanini, na simu yake haishiki vizuri ndani kwa sababu ya kuta nene, kwa hiyo usinijibu kwamba utampigia kutoka Brussels.

Kuhusu huko Brussels, sikukatazi. Nchi ya kilomita za mraba 316 inaweza kumbana mchoraji, na mamako aliwaona wajomba zake wakienda Melbourne kwa sababu nzito kuliko picha. Nimesoma kidogo habari za Magritte, yule mchoraji unayempenda. Wanasema alipokuwa akiishi Jette, hukohuko Brussels, alikuwa anachora chumba cha chakula, nyumbani kwake, mkewe yupo. Na mtu katika picha zake yupo. Kamficha uso kwa tufaha au kwa kitambaa, kamvalisha kofia, lakini yupo, na ndiyo maana inatisha. Nenda kwenye makumbusho yake ukanihakikishie kama nimekosea.

Usikubali kuuza picha kwa bei ya kumridhisha mtu. Ununue koti zito hukohuko, yale ya hapa hayafai. Kula vizuri. Mwenye nyumba akikuomba kodi ya miezi mingi mkononi, niambie kabla hujatoa. Na usianze tena kukaa usiku kucha na ile dawa ya kusafishia brashi madirisha yamefungwa. Kifua chako nakijua, na harufu ile nimeivuta gudini miaka mingi, ndiyo maana nakohoa.

Yale maboksi ya vigae vya zamani uliyoyaokota kwenye majengo yanayovunjwa yapo ngazini bado na mamako goti linamsumbua, anayapita kwa tabu. Sitayatupa. Nimeyaosha yale yenye nakshi nyekundu na nyeusi, nimegundua yanatosha kutandika kibaraza cha juu, kama hutaki kuyachora. Tangi la maji la darini linavuja tena. Paka wako amenenepa. Mamako anataka kujua shuka ngapi unachukua, na ameweka kando chupa mbili za kaperi na moja ya ġulepp, ile sharubati nzito ya ħarrub, zifunge vizuri zisimwagikie nguo.

Jumamosi hii nipo nyumbani, naweza kukupeleka kwa gari mpaka Ċirkewwa kwenye feri ya Gozo, au Jumapili baada ya alasiri. Feri ya kwenda hulipi, utalipa bandarini Mġarr wakati wa kurudi. Mpelekee Nanna betri za redio, zile nene, na kahawa. Chukua daftari, lakini siku ya kwanza usilifungue. Mwombe akuwekee trajbu mapajani na akae nyuma yako. Atakukaripia, mvumilie. Ukishamaliza kusikia yote, umchore, na umchore na uso.

Nijibu ni Jumamosi au Jumapili, nijue kuhusu petroli.

Baba yako