Staili ya kinanda isimzibe mpuliza saksofoni

KWA MHARIRI,

Siku hizi ukienda harusini, mkahawani au kanisani hapa Nairobi, si ajabu kukuta saksofoni na kinanda kimoja vikifanya kazi ya bendi nzima. Kumlipa mpiga besi na mpiga ngoma si rahisi kwa kila mtu, na sina neno na hilo. Kinachonisikitisha ni staili zinazochaguliwa, yaani ile midundo iliyorekodiwa ndani ya kinanda inayojipiga yenyewe kufuata kordi za mpigaji. Mpiga kinanda hubonyeza ile iliyojaa tarumbeta, nyuzi na magitaa, na anayepuliza jazi, anayetakiwa kubuni solo papo hapo, anakosa hata upenyo wa kupitisha noti tatu.

Nawaomba wapiga vinanda, walimu, na kamati za shule na makanisa zinazoenda Luthuli Avenue kununua vyombo hivi, wachague staili kwa kusikiliza vitu viwili: besi na toazi. Jina linalosomeka kwenye skrini lisiwapumbaze.

Kipimo chake ni rahisi. Shikilia kordi moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), tuseme C7, kwa baa nane (mafungu ya mapigo manne manne) bila kuiachia. Besi nyingi za swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, zimepangwa kwa baa mbili au nne, kisha hujirudia. Ukisikia mstari uleule ukirudi mara nne ndani ya baa hizo nane, iache, kwa sababu solo ndefu juu yake itamchosha anayepuliza na anayesikiliza. Kisha piga Dm7 baa moja, G7 baa moja na C baa mbili. Besi inapaswa kutua kwenye mzizi wa kila kordi, yaani noti inayoipa kordi jina, pigo la kwanza. Palipo na kordi mbili katika baa moja, badilisha kordi kwenye pigo la 1 na la 3. Ukibadilisha kwenye pigo la 2 au la 4, besi inayotembea, ile inayopiga noti moja kila pigo, hukatika, maana mashine inalazimika kuhamia kordi mpya ikiwa katikati ya mstari.

Kila staili pia ina kasi iliyotengenezewa. Usiivute zaidi ya mapigo 20 hivi kwa dakika, juu au chini. Katika swingi ya kasi ya wastani, noti fupi mbili za pigo moja hugawana muda karibu mbili kwa moja, ya kwanza ikichukua sehemu kubwa. Mpiga ngoma halisi akiongeza kasi, hupunguza tofauti hiyo mpaka noti zinakaribia kulingana. Kinanda hakijui hilo. Staili ya 120 ukiipeleka 200, hubaki na mgawanyo uleule, na toazi huanza kurukaruka. Tafuta nyingine iliyotengenezewa mwendo huo. Na bossa nova msiichanganye na swingi: noti zake ni sawasawa, na mpuliza saksofoni akizibembeza atasikika kama amepotea njia.

Sasa punguza vyombo. Vinanda vya Yamaha, kwa mfano, hugawa staili katika sehemu nane: mbili za ngoma, moja ya besi, mbili za kordi, moja ya pedi (sauti ndefu za kujaza nyuma) na mbili za vipande vya melodia. Zima pedi na hivyo vipande viwili. Acha sehemu moja ya kordi, ushushe sauti yake hadi 60 hivi, huku ngoma na besi zikibaki karibu na 100 kwenye kipimo cha 127. Sababu ni hii: piano ya staili ikishikilia noti ya G ndani ya C7, na saksofoni ikataka kupita kwenye Gb au Ab ili kuikoleza kordi hiyo, noti hizo zinagongana kwa nusu toni. Kosa si la mpulizaji, ila lawama humwangukia yeye. Na kama wewe mwenyewe unapiga kordi kwa mkono wa kulia, zima kordi zote za staili.

Kuna jambo linalowakwaza hata wapiga piano hodari. Mkono wa kushoto uliozoea jazi hupiga Dm7 kwa noti F, A, C na E, ukimwachia mpiga besi mzizi wa D. Kinanda kikisoma noti hizo hukuta Fmaj7, na besi inaenda F. Kwa hiyo piga Dm7 kamili, D ikiwa chini. Hivyo hivyo C6 na Am7 zina noti zilezile nne, C, E, G na A. Kinachozitofautisha ni noti ya chini, basi iweke wazi.

Upande wa kii (ufunguo wa wimbo), wengi wamezoea kupiga C na kutegemea kitufe cha kupandisha na kushusha. Kwa saksofoni ya alto pandisha hatua 3 za nusu toni: wewe unapiga C, inasikika Eb, naye anasoma C. Kwa saksofoni ya tena (tenor), au soprano ya Bb, shusha 2. Isikilize staili katika kii hiyohiyo mtakayopigia, kwa sababu staili nyingi zina mahali ambapo besi huruka oktavu nzima ili isitoke nje ya sauti yake, na mruko huo ukiangukia katikati ya wimbo unasikika vibaya sana.

Kabla ya kuanza, hakikisha kinanda kiko A 440 na kwamba hakuna aliyekichezea. Asubuhi za Julai saksofoni baridi huwa chini ya kinanda, na ikishapata joto hupanda. Mpulizaji apulize dakika kumi kwanza ndipo asukume au avute kipande cha mdomo kwenye koki, ile gome laini iliyozungushwa shingoni mwa saksofoni.

Wakati wa kupiga, kati ya vitufe vinne vya sehemu kuu za staili, Main A hadi D, A ibebe wimbo wenyewe na B ibebe solo. C na D ziwekeeni mzunguko wa mwisho. Zimeni ule mchapo wa ngoma unaojiingiza wenyewe kila mnapobadilisha sehemu. Katika wimbo wa baa 32 wa AABA (sehemu nne za baa nane, ya tatu ikiwa tofauti), mchapo mmoja mwishoni mwa kila baa ya nane unatosha. Katika bluzi ya baa 12, mmoja tu, baa ya 12.

Kumalizia ndiko kunakoharibu zaidi. Ending nyingi, yaani vipande vya staili vya kufungia wimbo, zina baa nne za mbwembwe, na ni pale pale mpulizaji anapotaka kuchelewesha noti zake za mwisho. Tumieni ile fupi kabisa, au simamisheni ngoma kwenye pigo la kwanza la baa ya mwisho, mpiga kinanda ashikilie kordi kwa mkono, amtazame mwenzake, na aachilie noti ya saksofoni ikiisha.

MWALIMU WA SAKSOFONI,
Nairobi