Tumkumbuke Dk. Paul Kalanithi

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Machi 9 mimi humkumbuka Dk. Paul Kalanithi, daktari wa upasuaji wa ubongo pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na miaka 37 tu. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka India. Walipohamia Kingman, mji mdogo wa jangwani Arizona, mama yake aliona shule za pale hazitoshi. Akamtafutia mwanawe orodha ya vitabu vya kusoma, kisha akapigania shule ziboreshwe kwa watoto wote. Mama wa namna hiyo nampa heshima zote.

Paul hakuwa mvutaji sigara, lakini mwaka 2013 aligundulika ana saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Dawa zilipompa nafuu alirudi chumba cha upasuaji, akahudumia vichwa vya wengine huku mwenyewe akiumwa. Alipofariki, bintiye alikuwa na miezi minane.

Makala aliyoandika mwenyewe kuhusu ugonjwa wake niliisoma zamu ya usiku, nikajifuta machozi kwa mkono wa sare. Naomba ukurasa wako wa afya umwandikie, wanafunzi wetu wa udaktari wamjue.

Muuguzi,
Morogoro