Huyo "van" si mwana wa mfalme

Den Haag, Uholanzi, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu na baridi yao. Najua nimekaa kimya tangu Idi, utanisema tukionana, lakini sauti uliyonitumia jana imenitoa kitandani. Eti kaka yako amepandisha mahari ya Zuhura kutoka laki tano hadi milioni kumi, kisa jina la mchumba lina "van", na Kheri kamwambia hiyo ni damu ya kifalme! Nilicheka. Kisha nikaingiwa na hofu.

Mwanaidi, kwa Kiholanzi "van" maana yake ni "wa". Basi. Van den Berg ni "wa mlimani", na humu mjini ukirusha jiwe humkosi van den Berg, ingawa mlima wenyewe hawana, Usambara yetu wangeiona mbingu. Virgil van Dijk, yule wa mpira, naye ni "wa tutani", mbona Kheri hamwiti baroni? Ni "von" ya Wajerumani ndiyo yenye harufu ya ukabaila, kama yule baroni von der Decken aliyekuja kuupanda Kilimanjaro mwaka 1861. Nadhani hapo ndipo Kheri alipochanganya.

Makabaila wa huku hujulikana kwa neno jingine. Nimefunzwa na bibi ninayemhudumia asubuhi. Siku moja aliniomba nimwandikie anwani kwenye bahasha ya binamu yake, nikaandika "Bwana" na jina. Akairudisha kwa ncha ya kidole. Niandike upya: "Hoogwelgeboren Heer", yaani bwana aliyezaliwa juu kwelikweli, kisha "jhr.", ndiyo jonkheer, bwana kijana. Huyo kijana ana miaka 84! Na hiyo ni ngazi ya chini kabisa, wenyewe wanasema hata si cheo. Juu yake kuna ridder, kisha baroni, kisha graaf. Halafu vituko: prinsi wa Waterloo ni Mwingereza, yule jemadari Wellington, alipewa cheo hicho na mfalme wa Uholanzi mwaka 1815 na kizazi chake kinacho mpaka leo.

Sasa tuseme kijana wetu angekuwa baroni. Kaka yako angepata nini? Tangu 1848 hawana haki yoyote ya kisiasa kupita mwuza samaki. Na sheria ya 1994 imefunga mlango, nje ya jamaa za mfalme hapandishwi mtu mpya. Kijana ni fundi bomba, Mwanaidi. Hiyo milioni kumi ataitoa kwenye bomba la nani?

Lakini bibi... ngoja nikwambie. Juzi alinitolea kitabu chao chekundu cha koo. Akapekua mpaka kwenye ukoo wake, akaweka kidole chini ya jina lake. Hapo chini peupe. Kaka yake alikufa bila mtoto wa kiume. Yeye ana mabinti wawili na wajukuu watano, na mjukuu hata mmoja hayumo, maana kwao ukabaila hupita kwa baba tu, kama nasaba ya masharifu wetu. Audrey Hepburn, yule wa sinema, mama yake alikuwa baroni wa kike wa ukoo wa van Heemstra, mwenyewe hakurithi kitu. Sikujua nimwambie nini bibi wa watu. Nikaenda kuchemsha chai.

Haya, mahari. Zuhura alinipigia Alhamisi analia, kijana kamwuliza kama kupandisha huku ni kumkataa kwa heshima. Nikamwambia subiri, shangazi yako atazungumza. Shangazi ndiye wewe. Usimpelekee kaka yako maneno haya mbele ya Kheri, mshike akiwa peke yake baada ya futari, ulaini wake unaujua.

Utakwenda lini? Na Bi Mwajuma yuko upande gani, au bado anajifanya mgonjwa? Kheri akibisha, nimpeleke kwa Hoge Raad van Adel, baraza lao kuu la makabaila, hapa hapa Den Haag, wanaojua nani ni nani tangu 1814, akaulize mwenyewe? Nauli atalipa nani? Na ule mkeka wangu umekwisha kushonwa, au umekalia wewe?

Wako,
Saumu