Adhabu ya dawa michezoni isiishie kwa mkimbiaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie adhabu wanazopewa wanariadha wanaokutwa na dawa za kusisimua misuli, jambo ambalo hapa Tanga tumezoea kulisikia redioni kana kwamba linawahusu jirani zetu wa Kenya tu.

Tangu mwaka 2015 kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa hizo michezoni, humfungia miaka minne, badala ya miwili ya awali, mwanariadha anayedanganya kwa makusudi, na sampuli yake yaweza kuhifadhiwa na kupimwa upya hadi miaka 10 baadaye. Sina ugomvi na ukali huo, kwani aliyemnyima mwenzake medali amemnyima pia siku ya kupanda jukwaani, ambayo hairudi. Kinachonikera ni kwamba aibu humwangukia mkimbiaji peke yake. Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, alipovuliwa medali ya mita 100 ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988 kwa kutumia dawa hizo, macho yote yalimwelekea yeye. Ni mpaka uchunguzi wa serikali ya Kanada, mwaka uliofuata, ndipo kocha wake Charlie Francis alipokiri kwamba alijua siri hiyo kwa miaka kadhaa.

Kanuni za leo huruhusu anayempa mwanariadha dawa hizo afungiwe kuanzia miaka minne hadi maisha. Tatizo ni ushahidi, maana kocha au daktari hapimwi mkojo, na kijana anayemjua mhusika huogopa kumtaja. Wachache wanafahamu kwamba mwanariadha aliyefungiwa atakayesaidia kumfichua mhusika huyo aweza kupunguziwa hadi robo tatu ya muda wake wa kufungiwa. Kifungu hicho kingefaa kubandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo.

Kuhusu kinga, tuanze na duka la dawa la mtaani. Nilipokuwa nikifundisha michezo, mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, alivyouziwa bila cheti cha daktari, akiambiwa vitamnenepesha (na kweli mashavu yalikuwa yamevimba). Dawa hiyo ikimezwa, ni marufuku wakati wa mashindano, na kanuni humhesabia mwanariadha kila kinachoingia mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kijana yule hakuwa na nia ya kumdanganya yeyote, ila kama angepimwa, angejibu yeye, si aliyemuuzia.

Kwa hiyo naomba walimu watakaoongoza timu za mkoa kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wapewe orodha ya dawa hizo kwa Kiswahili kabla ya kambi kuanza, na nakala iwafikie wauza dawa wa Ngamiani na Chumbageni.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Tanga