Kabla Hujatulaumu kwa Tairi Zilizoisha, Soma Ubavu Wake

Jumanne iliyopita mteja wetu wa viazi aliingia uani, hapa tunapofunga tairi, amefura. HiAce yake tuliifunga tairi nne mwezi Machi, na sasa za nyuma zimebaki vipara. "Mliniharibia alaimenti (mpangilio wa magurudumu), na pesa mkala," akasema mbele ya watu. Yaliniuma, maana gari lile nililipima mwenyewe.

Nikachukua tochi, nikainama, nikapangusa matope ubavuni. Neno lilikuwa pale pale kwa herufi kubwa: STUDLESS.

Tairi hizo alikuja nazo mwenyewe, mtumba wa Japani alioununua Kirinyaga Road. Zilikuwa na nyama, yaani meno marefu bado, na bei ilimvutia. Lakini STUDLESS ni tairi za theluji. Mpira wake hufanywa laini usikakamae kwenye baridi kali, na kila jino limechanjwa mistari myembamba kama ya wembe ili liume barafu. Ipeleke tairi hiyo kwenye lami ya Thika Road saa nane mchana, na tani ya viazi mgongoni, inasagika kama kifutio cha penseli. Breki nayo inachelewa kushika kwa kuwa meno yanayumba.

Tena zina kijukwaa kidogo cha mpira ndani ya mifereji, kinachoonyesha nusu ya maisha. Meno yakifika hapo, haziaminiki tena kwenye theluji, kwa hiyo mwenye gari huko Japani hutafuta nyingine. Ndiyo maana unaikuta sokoni ikiwa bado nene na bei ndogo. Nilimwonyesha mzee nakala ya risiti: "tairi za mteja, ameelezwa." Alinyamaza, lakini hasara yake ilinisikitisha. Tangu siku hiyo hatufungi STUDLESS kwenye gari la mzigo, hata ukibembeleza.

Kinachofaa vani ya hapa ni tairi ya misimu yote. Utaona M+S ubavuni, yaani matope na theluji. Theluji hatuna, matope tunayo: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na anayepakia Njabini anajua jinsi gari linavyoteleza likitoka shambani. Ila M+S peke yake isikudanganye, kwani hata zile za theluji huwa nayo. Soma ubavu wote.

Ukisoma, tafuta pia C mwishoni mwa saizi, kama 195R15C, yaani tairi ya gari la mzigo, na nambari inayoonyesha uzito ambao tairi inaweza kubeba. Kijana mmoja wa mikate alifunga tairi za gari dogo kwa sababu zilikaa vizuri kwenye rimu. Zilikuwa na nambari 91, maana yake kilo 615 kila moja. Nne zinabeba kilo 2,460. Vani yenyewe tupu ilikuwa imepita kilo 1,600, na yeye alipakia kreti mpaka dirishani. Ubavu wa nyuma kushoto ukatoa uvimbe mkubwa kama yai. Tairi ya vani yenye 106 hubeba kilo 950. Alinunua mara mbili ndani ya miezi miwili, na anashukuru haikupasukia mteremko wa Mai Mahiu.

Umri usisahau: ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, kama 3519, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Sasa bei. Tunaambiwa kila siku kwamba kando ya barabara wanafunga kwa shilingi 200, sisi mbona 600? Fundi wetu anakwangua kutu kwenye ukingo wa rimu hadi chuma king'ae, kwa sababu upepo hupotelea hapo polepole na mtu hudhani ana pancha. Valvu ya zamani tunaitupa, tunaweka mpya inayohimili presha ya vani. Tunapiga balansi ili gurudumu lisitetemeke. Presha tunajaza kwa kufuata stika ya mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi, na nyuma huwa juu ya mbele kwa gari la mzigo. Nati zinaanzwa kwa vidole, zikazwe kwa kupishana kama nyota, kisha spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, imalize. Ile bunduki ya upepo inayokaza mpaka nati ilie ndiyo imetuletea studi (boliti zinazoshika gurudumu) zilizokatika, na studi kubadilisha ni kazi nyingine na pesa nyingine.

Ukinunua mbili tu, tutaziweka nyuma. Wengi hubisha wakitaka mbele, lakini mkia ukiteleza kwenye mvua, usukani hautakusaidia.

Ukija, shusha mzigo kwanza ili jeki isimame salama. Na ukishatembea kama kilomita 100, pitia tena tukague nati. Hiyo hatutozi chochote.